Godoro la Memori na Msiba wa Mzee Ndunguru

Vijana wanaokwenda kununua godoro huanza kwa kuuliza unene. Inchi nane au kumi? Nimeuza magodoro hapa Mbinga mjini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na leo nimestaafu nazificha chini ya mtandio, nami nawaambieni: unene subiri kwanza. Anza na unalala wapi, mlimani au ziwani. Kisha unalalaje. Kisha, na hili hakuna anayelipenda, unalala na nani.

Maswali hayo nilikuwa nawauliza watu dukani bila haya. Anaingia mwanamume mzima, kofia mkononi, namwambia, "Karibu baba. Unalalaje?" Anageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu amesikia. "Vizuri tu, mama." "Sijauliza kama ni vizuri. Chali, ubavu, au kifudifudi?" Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli benki. Waliovumilia walitoka na godoro lao, na mpaka leo wakikutana nami sokoni wananiita Mama Godoro, nami naitika.

Aliyenifundisha kazi ni baba yangu mkubwa, Salumu, ambaye babu yake alitoka Kilwa na mitumba ya kanga akafika huku akashindwa kurudi kwa sababu ya baridi. Alisema viungo viliganda. Baba mkubwa aliniweka kwanza kwenye kushona magodoro ya sufi, nikapiga chafya mwaka mzima. Sponji zilipokuja, akanipa fundisho moja ambalo naligawa bure. Mteja akiingia na kubonyeza godoro kwa kiganja, baba mkubwa alimuuliza, "Kwani utalaza kiganja? Vua viatu, panda."

Na wakapanda. Kuna mwalimu mmoja wa Kigonsera alipanda, akageukia ubavu, akanyamaza. Tukamwacha ajisikilize. Ilipofika adhuhuri, baba mkubwa akaenda msikitini, mimi nikafunga duka nikaenda kula, mwalimu yumo ndani anakoroma. Niliporudi alifungua jicho moja tu akauliza, "Mna mito pia?" Huyo ndiye mteja anayejua kununua. Lala kama unavyolala kwako, ukae mpaka mwili usahau kwamba uko dukani. Ukiwa chali, pitisha mkono chini ya kiuno: ukipita kwa raha kama panya darini, godoro ni gumu kwako; usipopita kabisa na makalio yamezama, ni laini mno. Ukilala ubavu, bega lipate pa kuingilia. Ukilala kifudifudi, tafuta godoro gumu, na Mungu akusaidie shingo.

Basi siku hizi yakaingia haya ya memori. Ni sponji nzito, ukiibonyeza inakwenda chini polepole, ukitoa mkono alama inabaki, halafu inafutika taratibu kama mtu anayesamehe kwa shingo upande. Jina lenyewe lilituletea taabu. Mama mmoja aliniuliza, "Linakumbuka nini?" Nikamwambia linakumbuka umbo la mwili. Akasogea karibu. "Hilo tu?" Nikamwambia hilo tu. Akalinunua. Mumewe alikuja siku ya pili kuniuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini zaidi.

Lakini niwasimulie habari ya Mzee Ndunguru, maana ukiielewa hiyo umeelewa memori yote, faida na hasara.

Mzee Ndunguru ni mkulima wa kahawa huko juu Umatengo, mahali ambapo mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi masikio yanabaki ndani. Mkewe, Mama Adelina, ni Mnyasa wa Chiwanda, mtoto wa ziwani, mwembamba, mwepesi, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Binti yao Adelina ni muuguzi Dodoma. Aliposikia mgongo wa baba yake hautaki tena kuinama kwenye mibuni, akawatumia godoro la memori, lile linalokuja limebanwa na kuviringishwa ndani ya nailoni, nene kama gogo. Alinipigia simu nilipokee, maana nyumbani kwao gari halifiki.

Kwanza lilishushwa njiani Kitai kwa makosa, kabla halijafika Mbinga. Nilipolifuata nililikuta kwa mama mmoja muuza chai kando ya barabara, limelazwa ukutani, wateja wamelikalia wamejipanga na vikombe vyao. "Benchi zuri hili," mama akaniambia, "halina msumari." Nikawaomba wanyanyuke. Mmoja alikataa mpaka amalize andazi.

Mzee Ndunguru akaja kulichukua na pikipiki. Nilimweleza kila kitu. "Mzee, ukifika lifungue, lilaze kwenye chaga, liache. Kwa baridi ya kwenu litachelewa kuumuka. Na litanuka nuka kama kiatu kipya, fungua dirisha, lipe siku mbili tatu ndipo mlale."

"Nimesikia, Mama Godoro," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Alilifungua jioni ile ile, akaliona limelala kitandani bapa kama chapati ya jana, akatangaza kwamba binti yake ametapeliwa, kisha akalala juu yake. Asubuhi akakuta limeumuka pande zote, yeye yuko katikati bondeni. Alifurahi sana. Kumbe mgongo wake ulikuwa unatafuta bonde siku zote.

Hapo ndipo muelewe jambo la kwanza. Memori ni kitu cha joto. Kwenye baridi inakuwa ngumu kama ubao mpaka mwili wako uipashe, ndipo inakubali. Mzee Ndunguru ni mtu mzito, ana joto la tanuri. Alikuwa akilala kidogo tu godoro linalainika, linamkumbatia, anazama. Mama Adelina hana uzito na miguu yake ni barafu. Yeye alibaki juu ya ubao, bega linauma, nyonga inauma, anamtazama mumewe kule chini akitabasamu usingizini.

Alikuja dukani kwangu, hata kiti hakukaa.

"Shikamoo dada," nikamwamkia, maana ananizidi umri.

"Marahaba. Nirudishie mume wangu."

"Amekwenda wapi tena?"

"Yuko shimoni. Kila mtu ana ngoro yake sasa." Ngoro ni yale mashimo ya kilimo chetu cha mlimani, yanayozuia maji yasibebe udongo. "Zamani akigeuka, nami nageuka. Akikohoa, nayumba. Nilikuwa najua niko na mtu. Sasa anageuka kule, huku hakutikisiki hata unyasi. Ni kama nimelala na picha yake."

Nikamweleza kwamba watu wengine hulipa ziada ili wapate hilo hilo, mwenzako ageuke wewe usijue. Akanitazama kama mtu anayewahurumia watu hao. Nikamwambia avumilie, mwili huchukua wiki kadhaa kuzoea godoro jipya. Hilo ni kweli, hata nyinyi msikate tamaa siku ya kwanza. Akavuta kanga yake akaondoka.

Sasa sikilizeni msiba ulivyotokea.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, jua limeshachomoza. Kwa kawaida Mzee Ndunguru hukoroma, na mkoromo wake ndio uliokuwa saa ya nyumba. Lakini godoro lile lilikuwa limemzamisha vizuri, shingo imenyooka, mkoromo umekwisha. Amelala chali, mikono kifuani, kwa kuwa ukizama hivyo mikono haina pengine pa kwenda. Blanketi limefika kidevuni. Mama Adelina akaingia na chai, akamwita. Kimya. Akamshika mguu uliotokeza nje ya blanketi. Mguu wa mwezi wa saba, wa baridi kama jiwe la mtoni. Akasukuma godoro kumtikisa. Godoro likameza msukumo wote, mzee hakutikisika hata kope.

Mama Adelina akaangusha kikombe akapiga yowe.

Nimeshawaambia ile sauti inavuka bonde. Majirani waliacha majembe. Wanawake walifika na kuni na unga, wanaume wakaanza kutoa viti na meza nje ili sebuleni pakalike, kama ilivyo ada. Mdogo wake mzee, mtu mwepesi wa shughuli, alikuwa ameshapata kamba ya kupimia jeneza. Mama Adelina amekaa sakafuni kando ya kitanda anaomboleza, anamtaja marehemu kwa mema yake, na wanawake wanaitikia. Nje mtu akamkamata jogoo wa kuwapikia waombolezaji. Jogoo akapiga kelele.

Marehemu akakaa kitako.

"Nani kamshika jogoo wangu?"

Wanasema chumba kile kina mlango mmoja na dirisha dogo, na mpaka leo hakuna anayeeleza jinsi watu wote wale walivyotoka kwa mpigo mmoja. Mdogo wake alikutwa juu ya mti wa parachichi, bado ana kamba.

Mnaweza kudhani ilikuwa furaha. Haikuwa. Mzee Ndunguru alitoka nje akakuta viti vyake uani, unga wa watu jikoni, na kamba iliyokatwa sawasawa na urefu wake. Alinuna. "Umenizika nikiwa hai," akamwambia mkewe mbele za watu. Mama Adelina, ambaye macho yalikuwa bado yamevimba kwa kumlilia, akajibu, "Na wewe umekufa bila kufa. Nani kakosea?" Maneno yakapandiana. Mwisho akafunga nguo zake kwenye kitenge, akatelemka ziwani kwa dada yake Chiwanda. Watu waliooana siku nyingi vile, wakatenganishwa na sponji.

Siku zikapita, hakuna anayempigia mwenzake simu. Adelina kule Dodoma analia na mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyefundisha godoro kunyamaza. Wazee wa jumuiya yao ya kanisa wakaamua kesi isikilizwe, nami nikaitwa kwenda kueleza bidhaa. Nikapanda mlima na magoti yangu haya.

Kesi ilikuwa nyepesi kuisema: je, mtu aliyelala kwenye godoro lile anaweza kuonekana amekufa bila kosa la anayemtazama? Mzee Ndunguru alishikilia kwamba mke anayempenda mume hupima mara mbili. Wazee wakatazamana. Katekista, mtu makini sana, mrefu, mwenye suti moja ya rangi ya kahawa, akasema, "Jambo lenyewe lionekane." Akavua viatu, akavua na koti, akapanda kitandani.

Baba mkubwa Salumu angefurahi. Hakutumia kiganja.

"Ni gumu," katekista akatutangazia kutoka juu. Nikawaambia wangoje joto. Tukangoja. "Sasa linalegea," akasema. "Naona linaniingia kiunoni. Ndugu zangu, kweli hapa kuna..." Hakumaliza sentensi.

Tukamtazama. Mikono ilikuwa imekuja kifuani yenyewe.

"Katekista," mzee mmoja akaita. Kimya. Mwingine akasukuma kitanda kwa goti. Kimya. Mama mmoja akamshika mguu, akautoa mkono haraka, akafanya ishara ya msalaba. Mdogo wake Mzee Ndunguru akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, safari hii akiwa na uzoefu. Hapo Mzee Ndunguru mwenyewe akainama juu ya katekista, uso kwa uso, akasikiliza pumzi, akaikosa, akapayuka, "Mungu wangu, amekufa kitandani kwangu!"

Katekista akafumbua macho. "...kuna utulivu," akamalizia.

Hukumu haikuchukua muda. Mama Adelina hana kosa. Mzee Ndunguru alikuwa bado anahema, amejishika kifua, na mbele ya wazee wote akakubali kwamba atakwenda Chiwanda kumfuata mkewe. Akaniomba niende naye. Sababu aliyotoa ni kwamba nitaeleza habari za godoro. Nadhani aliogopa kwenda peke yake.

Tukatelemka hadi Mbamba Bay, tukaendelea kusini hadi Chiwanda, jua linawaka, mzee amevaa sweta la mlimani na hataki kulivua kwa sababu shati la ndani lilikuwa halijapigwa pasi. Tulimkuta Mama Adelina uani na dada yake wanaanika usipa. Alituona, akaendelea kuanika. Samaki wale wadogo aliwapanga mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyeajiriwa kuwahesabu.

Dada mtu akatukaribisha mkekani. Mzee Ndunguru akakaa, akafuta jasho, akasafisha koo mara kadhaa. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo yangu ya sponji, joto na uzito. Hakunipa nafasi.

"Mama Adelina," akasema. "Nimekuja kwa sababu ya ule uji."

"Uji gani?"

"Ulisema nilikupikia uji ulipojifungua Adelina. Kwamba wanaume wenzangu walinicheka, nami nikaendelea kukoroga. Mimi nilidhani ulishasahau zamani."

Mama Adelina akaacha usipa. Akageuka polepole.

"Baba Adelina. Hayo niliyasema wewe ukiwa maiti."

Mzee akatazama ziwani.

"Ulikuwa macho?"

"Si tangu mwanzo," akasema. "Yowe la kwanza liliniamsha. Nikataka kuitika. Lakini ukawa umeshaanza kunisifu, nikaona si adabu kumkatiza mtu. Halafu ukasema la uji. Halafu ukasema hujawahi kuniona nikimnyima mgeni chakula. Nikajisemea, ngoja amalize hili tu. Kumbe yako mengi." Akavuta sweta lake. "Huniambiagi, Mama Adelina. Miaka yote ile hukuwahi kuniambia."

"Na kamba? Hukuiona kamba?"

"Niliisikia ikipita mguuni. Nilifikiri ni wewe unanipapasa."

Dada mtu alikuwa wa kwanza kushindwa. Alicheka mpaka akakalia usipa. Mama Adelina alijikaza. Alimpiga mumewe begani kwa kanga, mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa hasira kidogo, ya tatu nikaona machozi, na sikuweza kujua ni ya kicheko au ya kitu kingine. "Ningejua unasikia," akasema, "ningetaja na ubishi wako." Mzee akasema hayo angeyapokea pia, mradi yaanze na uji.

Dada mtu, akijipangusa magamba, akaniuliza kama godoro hilo lenye visa linaweza kuletwa kwake. Nikamwambia ukweli wa kazi: hapa ziwani memori ya kawaida ni adhabu. Joto linailegeza kama ugali uliozidi maji, unazama, hewa haipiti, unaamka umeoga. Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Mbamba Bay aliyanunua, wageni wakawa wanalala sakafuni kwenye mkeka na kumlipia kitanda. Kwa pwani hii chukua sponji ngumu nzuri, na ukitaka ulaini, topa nyembamba tu, kale kagodoro kanakotandikwa juu ya godoro, ambako ukichoka nako unakakunja unakaweka kabatini. Ila topa haiponyi godoro lililobonyea. Ukiitandika juu ya shimo, umepata shimo lenye shuka.

Mama Adelina alikubali kurudi, lakini si kwenye ubao ule. Basi nikafanya kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nayo naionea fahari. Magodoro mengi ya memori si memori mpaka chini. Ni tabaka la juu tu, chini yake kuna sponji ngumu iliyogandishwa kwa gundi. Nilivua foronya, nikachukua kisu kirefu, nikalichuna lile tabaka kama ngozi ya mbuzi, nikalikata katikati kwa urefu. Nusu moja nikairudisha upande wa mzee. Upande wa mama nikaweka sponji ya kawaida ya unene ule ule, laini kiasi cha bega lake, isiyojali baridi. Nikashona foronya moja juu ya vyote. Nusu iliyobaki ya memori katekista aliomba apewe, nasi tukampa kwa sharti kwamba atatundika karatasi mlangoni akilala.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukiwa mzito, mwenye mgongo mbovu, unaishi penye baridi na huna papara, memori yaweza kukufaa. Ukiwa mwepesi, au mtu wa kujigeuza geuza, au unaishi kando ya maji, jaribu topa kwanza, na hata hiyo uilalie kabla hujailipia. Na kama mko wawili, nendeni dukani wawili, mlale wote, watu wacheke wakitaka.

Mwezi uliopita nilipanda kuwajulia hali, nikalala kwao chumba cha pili. Ukuta ni mwembamba. Asubuhi, jogoo wameshawika, nilisikia kitanda kikilia kidogo, kisha sauti ya Mama Adelina, ya chini kuliko nilivyodhani anaweza.

"Baba Adelina?"

"Bado," mzee akajibu.

Mama Adelina akanyanyuka, akaenda kuwasha moto wa chai.